Je, Wajua? Boma la Mikindani na Majirani Zake

Wajua kwamba kati ya Mtwara na Mikindani, mkubwa kwa umri ni Mikindani? Jina la manispaa, Mtwara-Mikindani, limemtanguliza mdogo. Wakati Mikindani ina majahazi bandarini, wafanyabiashara wa Kihindi madukani na nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao, Mtwara ilikuwa kijiji cha wavuvi. Leo mambo yamegeuka. Mikindani iko kilomita kama kumi kutoka Mtwara mjini, kwenye barabara ya Lindi, na wengi huiona kwa dirisha la gari tu. Anayeshuka na kuinua macho mlimani huona jengo jeupe lenye mnara. Hilo ndilo Boma, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Safu ya leo ni yake na ya majirani zake.

Wajua kwamba ghuba hii ilikaliwa na watu karne nyingi kabla ya hilo Boma kujengwa? Mwanaakiolojia Matthew Pawlowicz, aliyefanya utafiti wake Mikindani, alionyesha kwamba kuna kipindi ambacho vigae vya vyungu vya hapa vilifanana na vya bara kuliko vya miji ya pwani ya kaskazini. Kilwa ilikuwa imeelekea baharini, kwenye biashara ya mbali. Watu wa Mikindani hawakuukata uhusiano wao na bara. Hata baadaye, mji ulipokuwa mwisho wa safari za misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na watumwa, ulikula kwa sababu ya njia ya bara.

Wajua kwamba safari ya mwisho ya David Livingstone ilianzia hapa? Wengi wanaitaja Bagamoyo, kwa sababu maiti yake ilipitia huko mwaka 1874. Lakini alipokuwa hai na ana nguvu zake, alishukia Mikindani tarehe 24 Machi 1866, akitokea Zanzibar kwa meli ya kivita ya Kiingereza iitwayo Penguin. Nia yake ilikuwa kushukia kwenye mlango wa Mto Ruvuma, mto alioujua tangu safari zake za 1861 na 1862. Alipofika alikuta mikoko na matope, hakuna pa kuteremshia wanyama. Meli ikageuza kuelekea kaskazini, ikaingia ghuba ya Mikindani. Bandari aliisifu sana. Alipanga nyumba kwa dola nne kwa mwezi, na jahazi likashusha mzigo ambao bila shaka watoto wa mji waliukimbilia: ngamia sita, nyati wa kufugwa watatu na ndama wao, nyumbu wawili na punda wanne. Alitaka kuona kama ngamia na nyati hao wangehimili mbung'o. Hawakuhimili, na ni haki kusema kwamba hata walinzi wake hawakuwatunza vizuri. Wanyama wote walikwisha njiani.

Pamoja naye walikuwa Chuma na Susi, vijana ambao miaka saba baadaye, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, mpaka pwani. Mikindani kuna nyumba ya zamani yenye mlango wa nakshi na kibao kinachosema ndipo mzee alipokaa. Kibao kinamtaja Livingstone. Chuma na Susi nao walilala mji huu, na wangestahili kibao chao.

Wajua kwamba Wajerumani walifukuzwa Mikindani kabla ya kujenga Boma? Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilikodi mwambao kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, ikapeleka maofisa wake kila bandari, ikaanza kutoza ushuru na kutoa amri. Hazikupita wiki nyingi pwani nzima ikawaka. Kaskazini alisimama Abushiri bin Salim. Kusini, Kilwa, maofisa wawili wa kampuni waliuawa, na wale wa Lindi na Mikindani wakaokoa roho zao kwa kukimbilia baharini mwezi Septemba mwaka huohuo. Hermann von Wissmann, aliyetumwa na serikali ya Ujerumani kuuzima upinzani huo, alikuja na jeshi, na Mikindani ikachukuliwa tena Mei 1890. Mwaka huo huo Ujerumani ikamalizana na Sultani kwa kuununua mwambao: marki milioni 4.

Wajua kwamba hata baada ya hapo walijenga wakiwa na hofu? Mlima walioupata ulikuwa mzuri kwa kuitazama ghuba, lakini wasiwasi haukuwa wa baharini peke yake. Juu ya uwanda wa Makonde alikuwako Machemba, kiongozi wa Wayao, aliyemwandikia Wissmann barua kwa Kiswahili mwaka 1890 akimwambia, kwa ufupi, kwamba haoni sababu ya kumtii, na kama ni vita yuko tayari. Machemba aliwasumbua mpaka 1899, alipovuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno. Na katika mwaka uleule ambao Boma la Mikindani lilikuwa linapanda, 1895, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa na Wajerumani Kilwa Kivinje kwa kuwapinga. Kwa hiyo ukiuona ule mnara kwenye picha za watalii ukasema ni urembo, fikiri tena.

Wajua kwamba kilima kilicho nyuma ya Boma kinaitwa Bismarck? Kansela huyo hakuwahi kukanyaga Afrika, na alikuwa ameshaachia ngazi tangu 1890. Jina limebaki.

Wajua Boma lilikuwa la kazi gani hasa? Askari, ndiyo, na bendera. Lakini mtu wa kawaida wa Mikindani alilijua kwa jambo moja kubwa: kodi. Kuanzia 1898 serikali ya Kijerumani ilidai kodi ya nyumba kwa rupia, na asiyekuwa na rupia alitafutiwa kazi ya kulipa deni. Mkonge, mpira na minazi vilihitaji mikono, na kodi ikawa njia ya kuipata.

Wajua kwamba jengo kama hili limejengwa kwa bahari? Si maneno ya kishairi. Nyumba za mawe za mwambao huu, kuanzia misikiti ya Kilwa mpaka majengo ya Wajerumani, zilisimama juu ya vitu vitatu: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na miti ya mikoko. Kuna tumbawe la baharini, ambalo likitolewa bado bichi hukatwa na kuchongwa kwa urahisi, kisha likikauka juani huwa gumu. Hilo mafundi walilitumia kwa nakshi, mihirabu na pembe za milango. Na kuna jiwe la nchi kavu, ambalo ni matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari, gumu na lenye matundu, linalofaa kwa ukuta mnene.

Chokaa ilikuwa na kazi yake. Magogo yalipangwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pakaachwa uwazi wa kuingizia moto. Juu yake yakarundikwa matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Ukiwashwa, moto ulikula usiku kucha na zaidi, mpaka kuni zikawa majivu na mawe yakashuka chini yakiwa meupe na mepesi. Yakimwagiwa maji, au yakinyeshewa, yanachemka, yanapasuka, yanakuwa unga. Fundi mzuri hakuitumia siku hiyo. Aliilaza, maana chokaa iliyolala hushika vizuri kuliko ile ya haraka. Ukuta ulijengwa mnene kwa mawe na udongo uliochanganywa na chokaa, ukapigwa lipu ya chokaa ndani na nje. Weupe unaouona kutoka barabarani ni ngozi ya jengo, na ngozi hiyo inapumua.

Wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale za mwambao ni virefu na vyembamba? Boriti. Mti wa mkoko haubebi dari pana; ukizidi mita 3 hivi unaanza kulegea. Fundi akipanga upana wa chumba alikuwa ameshapangiwa na mkoko.

Wajua kwamba ukitaka kuliua jengo la matumbawe bila kulibomoa, unalipaka saruji? Hili nalitia mkazo, kwa sababu kosa hili linafanyika kila mwaka kutoka Mikindani mpaka Lamu, na mara nyingi linafanywa na mtu mwenye nia njema na mifuko kumi ya saruji. Ukuta wa mawe na chokaa huvuta unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa nje kupitia lipu. Ukiuvisha koti la saruji, maji yanaingia lakini hayatoki. Chumvi iliyomo kwenye mawe inayeyuka, inasogea mpaka nyuma ya saruji, inakauka pale na kuwa fuwele, na fuwele zinasukuma. Baada ya misimu michache ya masika utagonga ukuta kwa kidole na kusikia mlio wa kitu kitupu. Saruji inabanduka vipande vizima, na kila kipande kinaondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba anasema ukuta ni mbovu, ananunua mifuko mingine kumi.

Anayekarabati kwa akili hufanya kinyume. Anabandua saruji taratibu, anasugua chumvi kwa brashi kavu, anaziba nyufa kwa vijiwe na chokaa, anapiga lipu kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiri mwenzake. Halafu anafunika kwa magunia mabichi, kwa sababu jua la Mtwara hulikausha tabaka la juu kabla la chini halijashika. Ni kazi ya polepole, na fundi wa kulipwa kwa siku haipendi.

Wajua kwamba mpaka wa Tanzania na Msumbiji haukuwa siku zote kwenye maji ya Ruvuma? Wajerumani na Wareno walikubaliana mwaka 1886 kwamba mto ndio mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka wakajichukulia Kionga, kipande kidogo cha pembetatu kusini ya mlango wa mto. Wareno walinung'unika mpaka Vita ya Kwanza ya Dunia, wakakirudisha kwa nguvu Aprili 1916, na wakafurahi kiasi cha kutoa stempu maalumu zenye jina la Kionga. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwaachia. Ushindi wao mwingine haukudumu: Septemba 1916 walivuka Ruvuma wakaelekea Newala, na Novemba walikuwa wamesharudishwa walikotoka.

Wajua kwamba Boma halikutekwa kutoka bara bali kutoka baharini? Septemba 1916 manowari za Kiingereza ziliishukia pwani ya kusini bandari moja baada ya nyingine, na Mikindani ikawa miongoni mwa zile zilizochukuliwa. Bendera ikabadilishwa, na mlango ukabaki uleule. Mwingereza naye akatawala akiwa ndani ya kuta za Mjerumani.

Wajua nini kililifanya Boma likose kazi? Karanga. Kuanzia 1947 serikali ya Uingereza ilikusudia kulima karanga kwa matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya Vita ya Pili. Mavuno ya Nachingwea yalihitaji bandari. Ghuba ya Mikindani ni salama kwa jahazi lakini haikufaa meli kubwa, na Mtwara ina kina. Basi reli ikajengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, na shughuli za serikali zikahamia mji mpya. Mradi ulifutwa mwaka 1951, baada ya kula karibu pauni milioni 36. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilifunguliwa 1954, miaka mitatu baada ya karanga zenyewe kuzikwa. Reli iling'olewa kufikia 1963. Mtwara ikabaki na bandari bora na viwanja vipana. Mikindani ikabaki na Boma lisilo na mwenyewe, na jengo lisilo na mtu wa kuziba bati linalovuja halihitaji adui mwingine.

Wajua nani alilirudisha? Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lilichukua gofu hilo, likalikarabati na kulifanya hoteli ndogo, kwa shabaha ya kuwafundisha vijana wa Mikindani kazi za hoteli na kuleta fedha mjini. Wapo wanaouliza kama ni vizuri mgeni alipe kulala mahali ambapo babu zetu walipelekwa kulipa kodi. Swali ni la haki. Hata hivyo nasimama upande wa ukarabati. Jengo lenye mpishi, mfagizi na mlinzi lina watu watatu watakaoona dari ikianza kuvuja. Lenye kibao cha makumbusho na kufuli lina kibao na kufuli.

Wajua kwamba chini ya Boma hilohilo kuna mfano wa ukarabati ulioharibu? Ni jengo linaloitwa Soko la Watumwa. Lilikuwa na matao yaliyo wazi, na hayo matao ndiyo yaliyokuwa uzuri wake. Liliporekebishwa ili litumike kwa maduka, matao yalizibwa. Anayetaka kuona sura yake ya awali atafute stempu ya posta ya Tanzania iliyolichora. Yaani stempu imelitunza jengo kuliko ukuta. Karibu na gati pia kuna magofu ya gereza la zamani, na husimuliwa kwamba mbuyu mkubwa wenye shimo ulitumika kumfungia peke yake mfungwa mkorofi.

Wajua kwamba Boma la Mikindani lina ndugu wenye bahati tofauti? La Dar es Salaam, la zama za Sultani Majid miaka ya 1860, lilikarabatiwa, na sasa lina kituo cha urithi wa usanifu wa majengo. La Iringa, lililojengwa na Wajerumani, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. La Bagamoyo, la 1897, sehemu yake iliporomoka miaka ya 1990 baada ya mvua. Yote yalijengwa imara. Kilichotofautisha ni nani alikuwa anaangalia paa.

Wajua kwamba Msimbati, kijiji cha pwani karibu na Mtwara, iliwahi kuwa na "sultani" wa Kiingereza? Mstaafu mmoja, Latham Leslie-Moore, aliyejijengea nyumba ufukweni huko, alijitangazia uhuru wake mwaka 1959. Tanganyika ilipopata uhuru wa kweli, dola lake likamalizwa bila shida. Tuendelee.

Wajua kwamba vifaa vilivyojenga Boma leo huwezi kwenda kuvichukua tu? Tangu mwaka 2000 eneo la Mnazi Bay na mlango wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari, kilomita za mraba 650, takribani theluthi moja yake ikiwa nchi kavu. Ndani yake kuna matumbawe hai na misitu mikubwa ya mikoko. Mikoko yote ya mwambao wa Tanzania ni misitu ya hifadhi, na kuvunja matumbawe hai ni kuvunja nyumba ya samaki. Ni sawa kabisa. Lakini ina maana kwamba fundi wa leo anategemea jiwe la nchi kavu, chokaa ya kununua, na mawe ya nyumba zilizoanguka. Kwa hiyo gofu la jirani likibomoka, mawe yake yasisombwe kujazia shimo la barabara. Ni akiba.

Na hili la mwisho, wajua kwamba sheria inautambua mlango wa nyumba yako kabla ya kuitambua nyumba yenyewe? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyahesabu moja kwa moja kuwa ya kale majengo ya kabla ya 1863. Boma la 1895 liko nje ya mstari huo, na lingehitaji tamko la waziri, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za ghorofa za Mikindani. Lakini sheria hiyohiyo inalinda milango na miimo ya mbao yenye nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, na haiwezi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo wewe mwenye nyumba Mikindani, Lindi au Kilwa Kivinje, akija mgeni na bei nzuri ya mlango wa babu yako, usikubali kabla hujawauliza watu wa Mambo ya Kale. Na kabla hujanunua saruji ya kuuzungushia mlango huo, tafuta kwanza fundi wa chokaa.